Mahali pa Kuzaliwa: Kitangari

Somo yangu alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, katika kijiji cha Msumbiji ambacho mimi sijafika hadi leo. Lakini kwenye karatasi alizaliwa Kitangari, na aliyemzalisha hapo ni mimi, kwa kalamu ya bluu, saa ya mapumziko ya chai. Hakuna aliyenituma. Nasema hivyo mapema kwa sababu hapa Newala bado wapo watu wanaosimulia habari hii wakidhani kosa lilikuwa la kiwanda, au la mfuko wa fidia, au la hao waliotunga fomu. Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa moyo mweupe kabisa.

Tulikutana kwenye kiwanda cha kubangua korosho, siku ya kwanza ya kazi. Msimamizi alikuwa anaita majina. Akaita jina langu, nikaitika. Mwanamke mmoja mrefu aliyekuwa ameegemea ukuta naye akaitika. Msimamizi akaita tena, tukaitika tena wote wawili, kila mmoja akimkata mwenzake jicho. Wenzetu wakaangua kicheko. Kwetu mtu mwenye jina lako ni somo yako, na somo si mtu wa kusalimiana naye njiani ukapita. Anakuja kwako kula bila kualikwa, na wewe ukiwa na shida una haki ya kumsumbua. Tangu siku hiyo yeye hakuniita kwa jina wala mimi sikumwita kwa lake. Tuliitana Somo, na watoto wangu wakamwita Mama Somo.

Alikuwa ameolewa Newala na fundi cherehani. Alikuwa na cheti cha ndoa na kibali cha kuishi nchini, vyote kavitia kwenye mfuko wa nailoni na kuuning'iniza juu kwenye boriti, mbali na mchwa. Chimakonde chake na changu ni kimoja. Tofauti zilikuwa ndogo ndogo: shule yeye aliita shikola, na akikasirika alikuwa na maneno mawili matatu ya Kireno ambayo hakutaka kunitafsiria. Herufi ya "r" tuliikosea sawasawa. Korosho kwake ilikuwa kolosho, na kwa nusu ya kiwanda pia.

Sasa niseme kuhusu tabia yangu, maana bila hiyo habari haieleweki. Mimi ni mtu wa kujua. Nilimaliza darasa la saba na mwandiko mzuri, na mwandiko mzuri ukiwa nao unaanza kuamini kwamba na akili yako ni nzuri kiasi hicho hicho. Nilipoolewa Chiwata niliwaandikia barua ukoo mzima wa mume wangu. Nilipoachika nikarudi juu Newala, nikawa mwandishi wa mtaa. Mtu akipata karatasi yenye mhuri analeta kwangu, nami namsomea na kumweleza, na pale nisipoelewa namweleza vile vile.

Basi zikaja fomu za mfuko wa hifadhi ya jamii. Msimamizi alitugawia, akasema kila mtu ajaze, mwenye kushindwa asaidiwe na jirani. Kwenye benchi letu jirani nilikuwa mimi. Nilijaza za wanawake sita mikono ikinuka mafuta ya nyonyo, tuliyokuwa tunajipaka ili ute wa maganda usituunguze ngozi. Ya saba ilikuwa ya Somo.

"Uraia," nilimsomea.

"Msumbiji."

Niliinua macho, nikashusha sauti. "Unataka wakufute, Somo?"

"Wanifute kwa nini? Si ndiko nilikozaliwa? Na kibali ninacho."

"Kibali ni cha kuishi. Hiki kitu kingine. Angalia juu hapa, wameandika jamii. Hifadhi ya Jamii."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Jamii ni watu wako. Wewe jamii yako iko ng'ambo. Ukiandika Msumbiji watakukata kila mwezi kama sisi, na siku ya kupewa watakwambia nenda kadai kwenu."

"Wamesema hivyo?"

"Mpaka waseme ndiyo uamini?"

Hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Nilikuwa nimelisoma neno moja na kulijazia mwenyewe. Jamii nilivyoijua mimi ni wale wanaokuja ukifiwa, wanaolala chini kwenye mkeka sebuleni kwako siku tatu, wanaojua ukoo wa mama yako. Serikali nayo, nilifikiri, ina jamii yake hivyo hivyo, na mtu wa nchi nyingine anaingiaje humo? Sikumuuliza msimamizi. Mtu wa kujua haulizi.

Nikaandika Mtanzania. Mstari uliofuata ulitaka mahali pa kuzaliwa, na huo hata sikumsomea. Niliandika Kitangari. Ndiko nilikozaliwa mimi, na kwa mawazo yangu kwetu ni kwao.

"Umeandika nini hapo?" aliuliza nilipompa kalamu atie saini.

"Nimekuweka kwetu."

Alicheka. "Haya, asante kwa nyumba." Akatia saini yake ya herufi tatu zilizoinama, kengele ikalia, tukarudi kwenye mashine.

Baada ya hapo ilipita miaka mingi ambayo haina la kusimulia, na ndiyo ninayoikumbuka kwa furaha. Tulikaa mashine moja, yeye akikata na mimi nikichokonoa kiini kutoka kwenye ganda. Nyumbani tulitenganishwa na uzio wa mabua. Yeye alikuwa na tangi la kukingia maji ya mvua na mimi nilikuwa na bati zuri, kwa hiyo tukaunganisha mfereji, na kiangazi kikikaza tulipimiana ndoo bila kugombana, jambo ambalo Newala si dogo. Watu wa mtaani walimtania kuwa ni mtu wa kuja. Yeye akawajibu kwamba na wao babu zao walivuka mto huo huo, sema tu waliwahi.

Kisha mume wake akafariki. Tulimzika, tukamaliza arobaini, na wiki iliyofuata Somo akaniambia anafikiria kurudi kwao. Alikuwa na dada yake mkubwa kule, mjane kama yeye, aliyekuwa amekimbia vurugu na kurudi shambani kulipotulia. Dada huyo alikuwa anaishi peke yake.

Mimi niliona kiza. Nilishazoea kusikia kikohozi chake ng'ambo ya uzio kila alfajiri. Lakini sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Na michango yako? Ukivuka tu, imekwenda. Hela ya huku haivuki mto."

"Hata kama nimeifanyia kazi?"

"Hata kama."

Aliendelea kuchambua mbaazi kwenye ungo. Mwishoni akasema, "Basi nitakaa mpaka nistaafu." Nilifurahi. Nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi, nikaenda kupika ming'oko, mizizi yetu ya porini, na kumpelekea sahani iliyojaa. Akakaa. Akawa anamtumia dada yake kitenge na chumvi kwa watu wanaovuka, na hakuitaja tena safari.

Mwaka wa sita baada ya msiba huo, mashine ilimkamata mkono wa kulia. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila kwamba vidole vitatu vilikwenda, na viwili vilivyobaki havikukunja tena vizuri. Kiwanda kilimpeleka hospitali na msimamizi akaandika taarifa ya ajali siku ile ile, hilo lazima niseme. Kazi ya kukata ilikuwa imekwisha kwake. Jembe hakuliweza, mwiko wa ugali aliushika kwa mkono wa kushoto na kujimwagia miguuni. Alikuwa amepanga chumba baada ya ndugu wa mume kuchukua nyumba yao, akahamia kwangu na mfuko wake wa nailoni. Kilichobaki kilikuwa fidia. Mfanyakazi akiumia kazini na kubaki na ulemavu kuna fidia, hilo hata mimi nililijua kwa usahihi, na kwa ulemavu kama wake ilikuwa ya kulipwa kila mwezi. Bila hiyo Somo angekula kwangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nakula kwa shida.

Fidia haikuja. Likaja jibu kwamba taarifa zinapishana. Hospitali, muuguzi alimuuliza anatoka wapi, naye kwa maumivu yale akajibu ukweli na kutoa kibali chake, maana ndicho kitambulisho pekee alichokuwa nacho. Karatasi za hospitali zikasema raia wa Msumbiji. Karatasi za kiwanda, zilizofuata ile fomu ya mwandiko mzuri, zikasema Mtanzania wa Kitangari. Mfuko wa fidia, ambao si ule wa hifadhi ya jamii, ukauliza kwa adabu: huyu ni mtu mmoja au wawili? Kama alizaliwa Kitangari, alete barua ya serikali ya kijiji yenye mashahidi.

Mtu mwenye akili angeona hapo ndipo pa kusimama. Mimi niliona hapo ndipo pa kukazana.

"Kitangari ni kwetu," nilimwambia Somo. "Barua ni kitu cha asubuhi moja."

Tulikwenda kwa mjomba wangu, mdogo wa marehemu mama, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa. Tulimkuta barazani akishona magunia ya korosho kwa sindano kubwa. Nilimweleza shida. Nilitegemea asite kidogo, anikemee, aombe muda. Mjomba aliweka sindano chini na macho yakamng'aa. Nadhani kwa miaka mingi hakuna aliyemletea shauri la kupendeza namna hiyo.

"Hilo dogo," alisema. "Mashahidi wapo. Mimi, na jirani yangu hapo. Lakini mtendaji wa kijiji si mjinga, atauliza ni mtoto wa nani."

"Atasema jina la baba yake," nilisema.

"Baba!" Mjomba alinicheka. "Mjini kumekuharibu. Hapa nani atamuuliza baba? Watauliza katoka tumbo gani."

Ni kweli. Sisi ukoo tunahesabu kwa mama. Mtu asiye na mama Kitangari hawezi kuwa amezaliwa Kitangari, hata ulete mashahidi mia. Nilikuwa nimemwandikia Somo mahali, nikasahau kwamba mahali kwetu ni mtu.

Mjomba alifikiri kidogo tu. "Tumpe dada yangu mdogo. Yule aliyefariki Masasi. Hakuacha mtoto, hakuna atakayelalamika." Akamgeukia Somo, akaanza kumfundisha. Mama yako alikuwa mfupi, mweupe. Alikuwa na kovu hapa, juu ya nyusi, aliangukia kinu. Alipenda uraka, pombe ya mabibo, kupita kiasi, hilo usiseme. Jirani akaja, akaongeza lake, kwamba marehemu aliimba vizuri kwenye unyago. Mke wa mjomba akaleta ugali na kisamvu, naye akakaa kusaidia. Mimi nilicheka mpaka machozi. Kila mtu pale barazani alikuwa anatoa alichonacho kumpa mgeni, na walichotoa kilikuwa marehemu wao. Hadi leo siwezi kuwalaumu.

Somo hakucheka. Alikula kwa mkono wa kushoto, taratibu, akanawa. Kisha akasema, "Mjomba, shikamoo."

Tulishangaa, kwa sababu tulishasalimiana zamani.

"Marahaba, mwanangu. Mbona tena?"

"Nataka kusema neno, na si neno la utani." Alisubiri mjomba aitikie kwa kichwa. "Mama yangu alishikwa na uchungu siku mbili. Ilikuwa wakati wa vita ya Wareno, watu wamekimbilia porini, hakuna mkunga. Aliyekuwa naye ni dada yangu tu, naye alikuwa na miaka sita. Dada ndiye aliyechemsha maji. Ndiye aliyenipokea, na mpaka leo akiniona ananitania kwamba nilimwangukia mikononi kama boga. Sasa mkiniwekea huyu marehemu wenu, Mungu amrehemu, mama yangu mnampeleka wapi?"

Mke wa mjomba alianza kukusanya vyombo vilivyokuwa bado na chakula.

"Lakini fidia, mwanangu," mjomba alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Naitaka, Mjomba. Naitaka sana, nimekuwa mzigo kwa somo yangu. Lakini siwezi kumfuta mama ili nile."

Mjomba alichukua sindano yake. Alisema tu kwamba mtoto amesema kweli, na kwamba tuondoke kabla jua halijawa kali.

Nilimkasirikia. Sitajificha. Tulitoka Kitangari mimi nimetangulia hatua kumi mbele, nikijisemesha moyoni kwamba watu wengine hawasaidiki, kwamba nimemlisha, nimemvisha, nimemtafutia hata mama, na yeye anachagua. Nyuma yangu alikuja mwendo wake ule ule.

"Umenuna," alisema.

"Sijanuna."

"Umenuna mpaka kisogo."

Ilinibidi nicheke, na nilichukia kucheka. Nikamwuliza sasa tutafanya nini. Akasema atakwenda kusema ukweli, na wakimnyima watakuwa wamemnyima yeye mwenyewe, si yule mwanamke wa Kitangari ambaye hata hamjui.

Ofisa wa mfuko wa fidia alikuwa na siku zake za kusikiliza madai Masasi, kwenye chumba walichomwazima karibu na ofisi za halmashauri. Tuliteremka kutoka Newala alfajiri. Njia nzima nilipanga maneno. Ningesema Somo ameishi hapa kuliko kwao. Ningesema mume wake kazikwa hapa. Ningelia, ikibidi, maana nalia kwa urahisi nikitaka. Kilichonitisha zaidi ni kwamba wangemnyima fidia, kisha wamuulize juu ya uongo, na uongo wenyewe ni mwandiko wangu.

Ofisa alikuwa binti mdogo, mjamzito, anajipepea na jalada. Alituamkia, tukaitika. Akafungua karatasi za Somo na kuzipanga mezani, za hospitali upande huu, za kiwanda upande huu.

"Mama, ni ipi ya kweli?"

"Ya hospitali," Somo alisema. "Mimi ni mtu wa Msumbiji."

Nilifumba macho. Nilisikia kalamu inakwaruza. Nilipofumbua, binti alikuwa amekata mstari mmoja, ameandika juu yake, na alikuwa tayari anauliza jambo jingine, kama mashine ilikuwa na kinga ya mkono. Nilingoja lile neno la kutufukuza. Halikuja. Aliuliza kuhusu saa ya ajali, aliuliza jina la msimamizi, aliuangalia mkono wa Somo kwa upole, akiugeuza.

Nikashindwa kuvumilia. "Kwa hiyo yeye hapati?"

"Hapati nini?"

"Fidia. Si umesikia ni wa Msumbiji?"

"Nimesikia, mama. Sheria inauliza mambo mawili: alikuwa mfanyakazi? Aliumia akiwa kazini? Uraia tunauliza ili tujue tunamwandika nani. Hatuulizi ili tujue tumlipe nani."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa." Alitabasamu. "Nchi nyingi zilikubaliana zamani sana, na yetu imo. Mgeni akiumia kazini kwangu namtendea kama raia wangu, na wangu akiumia kwako mtendee vivyo hivyo. Ingekuwaje basi kwa vijana wetu walioko huko nje?"

Mwanangu wa pili alikuwa upande wa Msumbiji wakati huo, kwenye ujenzi, anapanda majukwaa ya miti. Kila siku nilimwombea asianguke. Haikunijia hata mara moja kutaka aandikwe kwamba amezaliwa huko.

"Lakini imeandikwa jamii," nilisema. Nilijisikia mjinga nikiwa bado nasema. "Kwenye fomu ya mfuko ule mwingine. Hifadhi ya Jamii."

Binti aliacha kujipepea. "Mama, huyu umefanya naye kazi muda gani?"

"Miaka kumi na miwili."

"Na anaishi wapi sasa?"

"Kwangu."

"Sasa jamii ni nani?"

Akaishika nakala ya ile fomu yangu iliyokuwa kwenye karatasi za kiwanda, akaigeuza nyuma na mbele. "Hii nani aliijaza?"

Somo alifungua mdomo na mimi nilijua atasema hakumbuki. Nikamtangulia. "Mimi. Yeye alisema Msumbiji. Mimi niliandika nilivyotaka."

Hakunipigia kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga. Alieleza taratibu kwamba kama ningeandika nilichoambiwa, karatasi zingelingana na malipo yangekuwa yameshaanza. Sasa Somo atakula kiapo mahakamani kurekebisha, nami nitaandika maelezo yangu kwa mkono wangu, na tutasubiri. Suala la kibali cha kufanya kazi, alisema, ni la mwajiri na watu wa uhamiaji, watalisawazisha huko, halifuti jeraha. Akatuandikia pa kuanzia. Nilichukua karatasi ile nikaisoma mara mbili, na pale nisipoelewa nikamuuliza.

Tulishasimama kuondoka Somo alipomgeukia.

"Mwanangu, na nikiwa kwetu?"

"Kwenu wapi, mama?"

"Ng'ambo. Nikihamia kwetu, hiyo fidia inakatika?"

"Haikatiki. Utatujulisha tu unakoishi, na mara kwa mara utaleta uthibitisho kwamba uko hai."

"Na michango yangu ya mfuko ule mwingine?"

"Ni yako. Uliifanyia kazi."

Somo alishukuru kwa kupiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwao na kwetu.

Nje kulikuwa na ngazi tatu za saruji. Tulikaa. Watu walipita na mafaili yao. Somo aliuweka mkono wake mbovu juu ya paja na kuutazama.

"Uliniambia hela ya huku haivuki mto," alisema.

"Nilidhani haivuki."

"Ulidhani, au ulitaka?"

Nilitafuta jibu zuri. Mimi huwa sikosi. "Vyote viwili," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, wala hakuonekana kushangaa. Nadhani alijua muda wote nusu moja ya jibu hilo. "Ulinipenda, Somo," alisema. "Ila hukuniuliza."

Nililia pale kwenye ngazi, na safari hii sikutaka. Alinipa ncha ya kitenge chake. Nilipomaliza nikamwambia, "Basi nakuuliza. Unataka nini?"

"Nataka kwenda kukaa na dada yangu."

"Utalimaje na mkono huo?"

"Dada ana vidole kumi, mimi nina saba. Tutalima."

Fidia ilianza kutoka baada ya miezi mitano. Somo alingoja mbaazi zake zikauke, akazivuna, akanigawia nusu, akafunga mizigo. Majirani walinishangaa. Walisema mtu mliyeishi naye hivyo, tena mgonjwa wa mkono, unamwachaje aondoke, mbona humzuii? Niliwaambia nilishamzuia miaka sita.